Deni la Mwenye Ufunguo

Kazi yangu ni ukalimani. Kwa miaka 12 nimekuwa nikiingia katika hospitali za London ya mashariki na kukaa kwenye kiti cha tatu, kile kisicho cha daktari wala cha mgonjwa, nikivusha maneno kutoka upande mmoja hadi wa pili. Mzee aliyetoka Bukavu husema kuna kitu kinamtambaa chini ya ngozi. Mama aliyetoka Mombasa husema mwili wote umechoka. Na ni juu yangu kuyafikisha hayo kwa daktari anayetaka kujua maumivu yako wapi, yalianza lini, na kwa kipimo cha moja hadi kumi yamefika ngapi. Kazi hii imenizoesha kuamini kwamba penye maumivu hapakosi neno, hata likiwa neno lililopinda. Aliyeitikisa imani yangu hiyo ni paka.

Anaitwa Shombo. Ni dume mwenye rangi nyeusi na nyeupe, niliyeachiwa na jirani aliyehamia mji mwingine. Siku ya kwanza alipoingia kwangu alitumbukiza kichwa ndani ya mfuko wa vibua niliotoka nao sokoni, akalala usiku kucha akinuka, na jina likapatikana lenyewe. Tunaishi ghorofa ya tatu. Chini yetu ipo barabara ya malori, kwa hiyo hatoki nje. Dunia yake ni vyumba viwili, dirisha moja la kutazama njiwa, na mlango ambao ufunguo wake uko mfukoni mwangu. Nautaja ufunguo huo mapema kwa sababu nitaurejea.

Mwezi wa Novemba, nikimpapasa shingoni, vidole vyangu viligusa vipele vidogo vikavu, mfano wa punje za ulezi zilizomwagika chini ya manyoya. Baada ya wiki mbili nywele za kwenye panja zilikuwa zimetoka, ngozi imechubuka, na vigaga vyenye damu vimejipanga kutoka nyuma ya sikio hadi shingoni. Tumbo lake lilikuwa limebaki wazi kama kiganja cha mkono. Lililonishangaza ni kwamba sikuwahi kumwona akijikuna sana. Paka hujilamba faraghani, chini ya kitanda au nyuma ya kochi, mwenye nyumba akiwa kazini. Ulimi wake una vimiiba vinavyong'oa na kukata nywele, na anayeishi naye hudhani zinapukutika zenyewe. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini walikuwa wakimsema mtu, anayeweza kuamua kuficha au kufichua. Paka hana uamuzi huo. Ni mnyama mdogo, na mnyama mdogo anayeonyesha udhaifu wake porini hukaribisha wa kumla.

Daktari wa wanyama aliniuliza maswali ambayo kwa kawaida mimi ndiye ninayeyafasiri. Anawashwa tangu lini? Anawashwa zaidi usiku au mchana? Majira fulani ya mwaka, au mwaka mzima? Nilijibu kwa niaba ya mgonjwa, na kila jibu lilikuwa dhana yangu. Ukalimani una kanuni moja kubwa, kwamba usiseme ambalo mgonjwa hakusema, na mimi siku ile niliivunja kwa nusu saa nzima.

Akanieleza kwamba ngozi ya paka ina msamiati mdogo. Hutoa vipele vya punje kama vile nilivyovigusa, au hunyonyoka nywele kwa kulambwa, au huchubuka kichwani na shingoni, au hufanya vidonda vyekundu vilivyoinuka, mara nyingine kwenye mdomo wa juu. Njia hizo chache hutumika kueleza mambo mengi. Viroboto wanaweza kuleta kila moja kati ya hizo. Vivyo hivyo mzio wa chakula, na mzio wa vumbi la nyumbani au chavua ya mimea. Na wadudu wa upele na choa nao hufanana na hayo kiasi cha kumchanganya mtu. Hakuna kipimo cha damu cha kutegemewa kinachoweza kutamka kwamba paka huyu anadhuriwa na chakula fulani. Kuna njia ya kuondoa tu: unaondoa sababu moja, unasubiri, unatazama, kisha unaigeukia nyingine. Alipomaliza kusema hivyo nilitambua kwamba nilikuja kutafuta dawa na nimepewa kalenda.

Tulianza na viroboto, nami nikaudhika. Nyumba yangu ni safi, nilimwambia, na paka hatoki. Alinijibu kwa upole kwamba paka mwenye mzio hudhuriwa na mate ya kiroboto, na kuumwa mara chache tu kunatosha. Kwamba paka anayejilamba sana humeza ushahidi. Kwamba kiroboto anaweza kupanda ngazi akiwa kwenye suruali yangu. Na kwamba wengi wa viroboto wa nyumba hawamo mwilini mwa mnyama bali wamo kwenye zulia na nyufa za sakafu, wakiwa mayai, viluwiluwi na pupa, na pupa anaweza kungoja kwa miezi. Kwa hiyo hutibiwa paka na nyumba pamoja, tena kwa miezi mfululizo. Akanionya pia nisimwekee paka dawa ya viroboto iliyotengenezewa mbwa, kwa kuwa nyingine zina permethrini, ambayo inaweza kumuua. Nikiwa njiani kurudi nilijiuliza kuudhika kwangu kulikuwa kwa ajili ya nani. Kulikuwa kwa ajili ya heshima ya mwenye nyumba. Mgonjwa hakuwa na heshima ya kulindwa. Alikuwa na ngozi.

Hapa lazima nimlete mtu mwingine. Mama mdogo, ndugu wa tumbo moja na marehemu mama yangu, ndiye aliyenilea Unguja tangu nikiwa na miaka tisa. Kila Ijumaa tunazungumza kwa simu ya video, na Ijumaa moja Shombo alipita mbele ya kamera.

"Mwanangu, huyo paka kafanya nini shingoni?"

"Anaumwa ngozi, mama."

"Mpake mafuta ya karafuu, uyachanganye na ya nazi. Sisi hapa tumepona nayo vidonda vingapi?"

Nilimshukuru, na sikumpaka. Ini la paka lina upungufu wa njia ambayo miili yetu huitumia kuvunjavunja kemikali za namna iliyomo katika mafuta ya karafuu. Ndiyo sababu hiyohiyo kidonge kimoja cha parasetamoli, tunachokimeza bila kufikiri, kinaweza kumuua. Tena chochote unachompaka paka kwenye ngozi umempa cha kulamba. Ushauri wa mama mdogo ulitoka katika upendo uliokwisha kunitibu mimi mwenyewe mara nyingi. Lakini upendo ule ule, ukimwangukia mwenye mwili mwingine, ungekuwa sumu. Mtu anaweza kutaka mema kwa moyo wote na bado hajaanza kumjua anayemtakia.

Mama mdogo naye ana kidonda. Ana kisukari, na tangu mwaka uliopita kisigino chake cha kushoto kina jeraha lisilofunga. Kila mwezi humtumia pauni 80 za bandeji, dawa na teksi ya kumpeleka kliniki. Ilipofika Februari, gharama za Shombo zilikuwa zimefika pauni 410: kumwona daktari mara tatu, kukwanguliwa ngozi na kutazamwa kwa darubini, kupandikizwa nywele zake maabara kutafuta choa, dawa ya viroboto, steroidi za kutuliza mwasho kwa wiki chache, na mfuko wa kwanza wa chakula maalumu. Mwezi huo nilituma Unguja pauni 40. Nikamwambia mama mdogo kwamba saa zangu za kazi zimepunguzwa. Hazikuwa zimepunguzwa.

"Mungu atafungua mlango mwingine, mwanangu," alisema. "Usijitaabishe."

Vidonda viwili, mkoba mmoja. Wanafalsafa wamelijadili jambo hili kwa namna mbalimbali. Jeremy Bentham, katika kitabu kilichotoka mwaka 1789, aliweka tanbihi ambayo imeishi kuliko kurasa nyingi za kitabu chenyewe: hoja yake ni kwamba la kuuliza juu ya mnyama ni kama anaweza kuumia, na kwamba uwezo wa kufikiri au kunena si kipimo. Peter Singer aliipokea hoja hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ukombozi wa wanyama. Lakini miaka mitatu kabla, mwaka 1972, Singer huyohuyo alikuwa amechapisha makala yenye hoja nyingine: kwamba umbali haupunguzi wajibu, na anayekubali kuchafua nguo zake ili amwokoe mtoto anayezama katika dimbwi mbele yake hana udhuru wa kumwacha aliye mbali afe, iwapo kumwokoa kungemgharimu kiasi kilekile.

Hoja mbili za mtu mmoja zilinishika kila moja mkono wake. Ya kwanza iliniambia kwamba kidonda cha Shombo ni kidonda kweli, na kwamba ukimya wake haukipunguzi. Ya pili iliniambia kwamba kisigino cha mama mdogo hakipungui uzito kwa kuwa kipo zaidi ya kilomita 7,000 kutoka hapa. Na nikivipima kidonda kwa kidonda, hesabu haina ugumu. Jeraha la mwenye kisukari linaweza kumpotezea mguu. Mwasho wa paka unamkosesha raha, unamkosesha usingizi, lakini Shombo hakuwa karibu na kifo. Kwa mizani hiyo kila senti ingepaswa kwenda Unguja, na msomaji anayeniambia hivyo sina jibu la kumzidi. Nakubali.

Nilijaribu kujitetea. Nilijiuliza: mbona paka ndiye anayeshtakiwa? Mwaka uliopita nilinunua kochi kwa pauni 600, na hakuna aliyeliweka kochi hilo kwenye mizani na kisigino cha mama mdogo, hata mimi mwenyewe. Hulipa simu, hula mkahawani, hununua tiketi za treni za kwenda kuonana na marafiki. Vitu hivyo vyote hupita kimya, kisha anakuja kiumbe mwenye macho anayeumwa, na ghafla sote tunakumbuka wazee wetu nyumbani. Tuliohamia ughaibuni tunakijua kicheko hicho: "Wazungu na wanyama wao!" Nimekicheka mimi pia. Ila utetezi huu, nikiutazama vizuri, haumwokoi mshtakiwa. Unaongeza washtakiwa tu. Kama kochi lilikuwa kosa, kochi halimfanyi paka kuwa haki.

Kilichonisogeza mahali pengine ni kisa nilichokisikia chuoni nikiwa mtoto, na ambacho wasomaji wengi wa lugha hii walikisikia chuoni vilevile: habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Utotoni nilidhani mafundisho yake ni kwamba tuwahurumie paka. Nilipokirejea mwaka huu nikaona kwamba hadithi ile ni sahihi zaidi ya hivyo katika kueleza kosa. Mwanamke yule alimfunga paka. Hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Kosa lina sehemu mbili zilizoungana. Kama asingemfunga, njaa ya paka isingekuwa mzigo wake kwa namna ileile. Kufunga ndiko kulikomfanya awe mdaiwa. Aliyezuia riziki ya kiumbe amejifanya njia pekee ya riziki hiyo, na njia hiyo ikizibika, aulizwaye ni yeye.

Nikawakumbuka paka wa soko la samaki la Darajani. Hakuna mwenye ufunguo wao. Hula matumbo ya changu na vichwa vya jodari, hupigwa mateke, huzaa chini ya meza, hulala juani. Sitaki kuwapamba: masikio yao yamechanika, wengi wana upele, na maisha yao ni mafupi. Uhuru haujawapa afya. Lakini paka wa Darajani asiyependezwa na kitu anaweza kukiacha akajaribu kingine. Akichoshwa na viroboto wa banda moja huhamia jingine. Na maradhi yake, yawe makali kiasi gani, hayakutengenezwa na mtu mmoja aliyeamua ale nini kila siku ya maisha yake. Shombo hana hata moja kati ya hayo. Alacho nimekichagua mimi. Alaliacho nimekinunua mimi. Hewa avutayo nimeifungia dirisha mimi.

Nchi ninayoishi imeliandika jambo hili katika sheria. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2006, inayotumika England na Wales, inamtaka anayewajibika kwa mnyama atimize mahitaji yake: makazi yafaayo, chakula kifaacho, nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili, kuwa pamoja na wenzake au mbali nao kadiri aina yake inavyohitaji, na kulindwa dhidi ya maumivu na maradhi. Haimtaki mtu ampende mnyama wake. Na mtaa wa Whitechapel, ambao hupita karibu kila wiki nikienda kazini, ndipo Maria Dickin alipofungua zahanati ya bure ya wanyama wa maskini mwaka 1917, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiendelea. Alianza kwa kuwatembelea watu maskini wa mitaa hii, na ndani ya nyumba zao akawaona wanyama wenye vidonda. Humfikiria mara kwa mara. Mwaka ule kulikuwa na majeraha ya binadamu ya kutosha kujaza kila chumba cha Ulaya. Dickin hakusema kwamba majeraha hayo ni madogo. Alifungua mlango mmoja zaidi.

Kutokana na hayo nimepata kipimo ambacho naona kinanifaa kuliko mizani ya kidonda kwa kidonda. Deni langu kwa Shombo halitokani na wingi wa mapenzi yangu, maana hapo anayependwa zaidi angedai zaidi na asiyependwa asingedai kitu. Wala halitokani na ukubwa wa maumivu yake peke yake, maana hapo paka wote wa dunia wangekuwa wadai wangu kwa usawa. Linatokana na ufunguo. Ninadaiwa kile ambacho kumfungia kumemnyima, na kabla ya yote ninadaiwa niache lile ninalomdhuru nalo. Deni la namna hii lina mpaka. Halinilazimu kumpa maisha marefu kuliko wenzake wote, wala kujaribu kila dawa mpya iliyoko sokoni. Kama daktari angeniambia kwamba tiba ni ya maelfu ya pauni, ningekataa, na ningeona kwamba sijavunja ahadi. Lakini swali la kwanza, "ni kipi ninachomfanyia mimi?", sikuwa na ruhusa ya kulikimbia, kwa kuwa hakuna mwingine ulimwenguni anayeweza kulijibu.

Jibu lilihitaji wiki nane. Dawa ya viroboto ilikuwa imetolewa bila kukosa na vidonda havikupungua. Wadudu wa upele hawakuonekana, na choa hakikuota maabara. Tukaingia kwenye chakula. Kwa wiki nane Shombo alikula kitu kimoja tu, chakula ambacho protini yake imevunjwavunjwa vipande vidogo kiasi kwamba kinga ya mwili haiwezi kuitambua. Hakupaswa kupata tonge jingine lolote, hata kulamba sahani, kwa sababu kipande kimoja kinatosha kuharibu hesabu yote. Steroidi zilisimamishwa katikati ya safari ili zisitudanganye.

Na hapo ndipo nilipolazimika kuorodhesha alichokuwa akila. Mzio wa chakula kwa kawaida hauji na chakula kigeni. Huja na kile mwili ulichokizoea. Daktari alinitajia vinavyoshukiwa mara nyingi kwa paka: nyama ya ng'ombe, samaki, kuku. Tangu Shombo aingie kwangu nilikuwa nikimchemshia kibua kila jioni. Hakuna aliyeniagiza. Chakula cha kopo kilikuwapo kabatini, tena kwa bei nafuu. Nilimpa samaki kwa sababu paka wa kwetu hula samaki, na kwa sababu harufu ya kibua kinachochemka saa kumi na mbili jioni, giza la majira ya baridi likiwa limeshaingia, ilinirudishia ua wa nyumba ya mama mdogo. Nilikuwa nikijilisha mimi.

Wiki za kwanza alilia mlangoni pa jikoni. Alilia kwa sauti ambayo kalimani yeyote angeifasiri bila shida. Nilijua anachokitaka, nilijua naweza kumpa, na sikumpa, wala sikuwa na njia ya kumweleza sababu. Mgonjwa wa hospitali akinyimwa chakula kabla ya upasuaji huambiwa, nami ndiye humwambia. Shombo alinyimwa tu. Katika wiki ya sita vigaga vilianza kudondoka bila kuacha damu. Katika wiki ya nane panja lake lilikuwa na manyoya mafupi, laini, kama ya mtoto.

Nilidhani tumemaliza. Daktari akasema bado. Kupona wakati wa chakula maalumu hakuthibitishi kwamba chakula cha zamani ndicho kilichodhuru. Pengine majira yamebadilika, pengine viroboto wamekwisha. Uthibitisho ni kumrudishia kile kinachoshukiwa na kutazama kama mwasho utarudi. Wengi hukataa, alisema, na haiwezekani kuwalaumu.

Nimefasiri mazungumzo ya ridhaa mara nyingi. Daktari hueleza faida na madhara, mgonjwa huuliza, kisha hutia sahihi au hukataa. Ridhaa ndiyo inayotenganisha tiba na kumjeruhi mtu. Sasa nilikuwa naombwa nimtie mgonjwa mzima katika maradhi aliyoyatoka, ili mimi nijue. Na lazima niseme ukweli kuhusu sababu yangu. Chakula maalumu kilinigharimu mara tatu ya kile cha kawaida. Nikijua kwa hakika kwamba adui ni samaki peke yake, ningeweza kumrudisha kwenye kuku wa kopo, na tofauti ya fedha ingerudi Unguja. Kwa maneno mengine, nilitaka paka awashwe siku kadhaa ili kisigino cha mama mdogo kipate bandeji. Vidonda viwili nilivyovipambanisha kwa miezi vilikuwa vimekutana, na sasa mmoja alikuwa akiombwa amlipie mwenzake.

Nilifanya. Sidai kwamba Shombo aliridhia, wala kwamba angeridhia kama angeelewa. Maneno hayo ni ukalimani wa uongo. Naweza kusema mambo mawili tu. Faida ya kujua ilikuwa pia yake, kwa sababu angepata chakula kipana zaidi, na atakayemrithi baada yangu angejua la kumwepusha. Na niliweka sharti la kusimama penye dalili ya kwanza. Je, hayo yanatosha? Kwa binadamu yasingetosha. Kwa mnyama aliyefungiwa naona yanasogea karibu na kutosha bila kufika, na pengo linalobaki silifuti kwa hoja. Ni deni jingine.

Siku ya nne baada ya kibua cha kwanza alianza kutikisa kichwa. Siku ya sita punje za ulezi zilirudi shingoni. Nikaacha. Zilichukua wiki tatu kutulia. Kisha tukajaribu kuku kwa wiki mbili, na ngozi ikakaa kimya. Sasa anakula kuku wa kopo, nami husoma kila lebo hadi mstari wa mwisho, kwa kuwa makopo mengi yenye picha ya kuku yana mafuta ya samaki ndani. Dawa ya viroboto inaendelea. Daktari amenionya kwamba mwenye mzio mmoja anaweza kuwa na mwingine, na kwamba Novemba ijayo tutazame tena.

Ijumaa iliyofuata nilimwambia mama mdogo ukweli. Alinyamaza, kisha akacheka.

"Kwa hiyo mwezi ule hela zangu kala paka?"

"Ndiyo, mama. Nisamehe."

"Hela si neno. Bandeji nilizikata nusunusu, zikatosha. Lakini uliponiambia kazi imepungua, mimi nilidhani umefukuzwa, unanificha. Sikulala mwezi mzima, mwanangu. Nikikuona kwenye simu nakutazama mashavu kama umekonda."

Katika hesabu zangu zote za Bentham na Singer sikuwa nimeliweka hilo. Nilipima pauni 40 kwa upande mmoja na mwasho kwa upande wa pili, na kumbe lililomuumiza halikuwamo kwenye mkoba. Anayetuma fedha kutoka ng'ambo anashika ufunguo pia. Anajua kilichomo upande wake wa mlango, na aliye upande wa pili hujua anachoambiwa tu. Mama mdogo angeweza kukubali nusu, au kukataa, au kunigombeza; ana ulimi, tena mkali. Mimi nilimtendea kama asiyesema. Shombo sikuweza kumweleza, na mama mdogo niliweza nisimweleze. Hilo la pili ndilo kosa langu kubwa zaidi, na halihusiani na paka.

Zile pauni 40 nimezirudisha kwa mafungu mawili. Kisigino hakijafunga, ingawa muuguzi wa kliniki anasema jeraha limepungua upana.

"Na samaki hali tena?" aliniuliza mama mdogo kabla ya kukata simu.

"Hali."

"Maskini. Paka asiyekula samaki!"

Siku hizi nikipika vibua hufunga mlango wa jikoni. Shombo hukaa upande wa pili akilia, nami hula nikimsikia.